Albamu ya Kauboi wa Joubert Park

Tangawizi ikichemka jikoni kwangu, mimi hufungua dirisha. Wageni hudhani napenda hewa. Kumbe harufu ile inanirudisha mtaa wa Joubert Park, kule kusini mwa Afrika, ghorofani, kwenye chumba tulichogawana na familia nyingine kwa pazia, Mama akijaza chupa ya chai kwa ajili ya koo la Baba. Koo lenyewe halikuwa na neno. Shida ilikuwa kifuani.

Baba alikuwa Mrundi, mchana kutwa akilinda magari ya watu mtaani, na alikuwa mwimbaji wa kantri. Ndiyo, kantri, ile ya gitaa na farasi. Aliipendea redioni akiwa kambini Kigoma, akaanza kutunga yake kwa Kiswahili. Siku moja alirudi kutoka mtaa wa Mayfair na buti za kauboi alizouziwa na Msomali mmoja, zimembana hadi anachechemea. Majirani walicheka mpaka basi, wakamuuliza farasi yuko wapi. Akawajibu kwamba yeye ng'ombe amechunga, farasi wamtafute wao.

Mwaka ule alianza kurekodi albamu yake ya kwanza. Studio ilikuwa chumba cha Papa Jules, Mkongomani wa ghorofa ya chini, aliyesimamisha magodoro ukutani kuzuia honi za teksi. Nikitoka shule nilikwenda kukaa sakafuni, kimya, nimsikilize. Wimbo wa kwanza Baba aliumaliza kwa mkupuo mmoja. Siku chache baadaye akawa anakohoa katikati ya mstari, Papa Jules anarudia. Kisha leso ikatoka na damu. Papa Jules alizima mashine, akasema hawashi tena mpaka Baba aonane na daktari.

Tulikwenda kliniki sote watatu. Getini walisimama watu wa mtaani tu, si manesi wala polisi, wakikagua vitambulisho. Baba akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Mwanamke mmoja, rika la Mama, akaitazama, akamrudishia, akasema jambo kwa Kizulu, taratibu, bila hasira. Kizulu nilikijua mimi, kutoka shuleni. Wazazi wangu wakanigeukia.

"Anasema ukatibiwe kwenu," nilimwambia Baba.

Mama alimbembeleza yule mwanamke, akamwita dada. Eish, nilivyoona aibu! Wiki iliyofuata tulirudi, tukawakuta walewale, safari hii na fimbo. Mama akataka tujaribu kwingine, tena na tena, mpaka Baba akamkatiza.

"Mama Neema, inatosha. Pumzi iliyobaki naijua kazi yake."

Sijui alimwambia nini Papa Jules, ila mashine iliwashwa. Nyimbo zilizobaki aliziimba kwa vipande: maneno matatu, kimya, mawili, kimya. Nilimuuliza mbona anakatakata namna ile. Akatabasamu, akasema anamwachia msikilizaji nafasi na yeye awaze. Nikaamini, nikaenda kujigamba shuleni kwamba baba yangu amevumbua mtindo.

Albamu ilikwisha. Aliisikiliza mara moja, amelala, buti miguuni kwa ubishi tu. Hakuufikia uzinduzi. Nina hasira mpaka leo, sifichi, kwa sababu dawa za kifua zilikuwa mle ndani ya geti, na zilikuwa za bure.

Watu wetu wameipenda ile albamu, hasa nyimbo za mwisho. Wanasema hakuna aliyejua kutumia ukimya kama yeye. Jumapili iliyopita kanisani, kijana mmoja mwenye afya zake aliimba mmojawapo. Alitoa maneno matatu, akanyamaza, amefumba macho, na waumini wakaitikia amina kwa hisia. Akatoa mawili, akanyamaza tena.

Nilitoka nje nikasimama barazani, nalia. Yule kijana ana pumzi tele, na amejifunza kwa bidii kukatisha palepale ilipomwishia baba yangu.