Konokono wa Mkono wa Kike

Karani wa konokono, pale nyumba ya utafiti karibu na gare ya treni ya Kamina, kila gamba hulipuliza kwanza kama mtu anayepoza chai. Kisha huligeuzageuza kidoleni, atazame linajiviringa kuelekea wapi, huku akivuma wimbo wa misa. Yanayojiviringa kulia huyatia kisanduku hiki, ya kushoto kile, na kila kisanduku hukibandika jina. Jumatatu moja Madame, mtafiti mwenyewe, alitoka ofisini mbio na barua ya kwenda Ulaya kwa treni ya saa sita: amegundua kwamba konokono majike wa Ziwa Kisale wote hujiviringa kushoto! Karani akakisoma kibandiko chake mwenyewe, KIKE, akacheka hadi magamba yakatikisika mezani.

“Hapana, Madame! Kike njo mukono, haiko bibi. Kwetu kushoto tunaitaka mukono ya kike.”

Madame akaichana barua, uso umemwiva, kisha naye akaangua kicheko. Karani alikwisha kuanza vibandiko vipya. “Hata minyi ninaandikaka na ya kike,” akasema, akiinua mkono wake wa kushoto wenye kalamu. “Uliza batoto yangu saba kama minyi njo mama yabo.”