Niliposema Mwalimu Bahati Aliteleza

Plastiki iliyolowa mvua ina harufu yake, kama mswaki uliosahaulika bafuni. Nikiinusa popote masikio yananiwaka kwa aibu. Kilima cha hapa Birmingham cha skii, ule mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao miguuni, hakina theluji. Kimetandikwa plastiki ya namna hiyo, na ndipo Mwalimu Bahati alipotufundisha.

Alitoka Bukavu, mkimbizi tu, na katika watu wetu alikuwa wa kwanza kuzivaa zile mbao ndefu miguuni, wa kwanza kuwafundisha Wazungu kwenye kilima chao wenyewe. Kanisani hawakumsifu. Walinong'ona: mtu mzima anaacha kwaya akacheze na watoto! Basi alipofariki, mkewe, Mama Furaha, aliomba jambo moja: mwanafunzi wake mmoja asimame ibadani, amsemee vizuri mbele ya hao wanong'onaji.

Nikachaguliwa mimi, miaka tisa, mdomo mkubwa, Kiswahili cha kuokoteza.

"Usiongee Kiingereza, ili wazee waelewe," mama yangu akanifinya.

Nikaanza. "Mwalimu Bahati aliteleza kuliko watu wote hapa." Mtu akakohoa. "Hata alipooa hakuacha kuteleza. Sisi watoto alitufundisha kuteleza na kuanguka." Viti vya nyuma vikaanza kutikisika. Na mimi, jamani, kicheko kwangu ni chipsi za moto, siachi mpaka karatasi ibaki tupu. "Wanawake nao walipanga foleni wateleze naye!"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji akajifunika uso kwa Biblia. Mama Furaha peke yake hakucheka.

Baada ya ibada, wakati wa chakula, akanivuta kando. "Mutoto yangu, ulitaka kusema nini?"

Nikakunja magoti, nikanyoosha mikono mbele, nikashuka kilima kisichokuwepo, katikati ya masufuria ya wali. Akanitazama mpaka nikafika chini.

"Ndiye yeye," akasema. "Si ungewaonyesha hivyo?"

Nikadhani ananisifu. Nikaenda kuchukua sambusa.

Miaka ilipita ndipo nikamsikia mchungaji akiwaombea ndugu "walioteleza na kuanguka", na hakuwa anazungumzia skii. Nikatamani kiti kinimeze. Maana ya neno nimeshaijua sasa, lakini ibada ya mazishi hairudiwi. Mpaka leo akitajwa Mwalimu Bahati pale kanisani, kuna mtu huanza kucheka kabla jina halijaisha, na Mama Furaha huinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mkobani.