Nyasi za Kwenye Tivi Yangu

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Waberi kuna vijana wanaoniuliza kama nyasi zimeota, nami huwaitikia kana kwamba wananijulia hali tu, maana mtu aliyejiaibisha kwa mkono wake hana wa kumshtaki.

Yusuf ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ananiita abti nami namwita abti, ndivyo mjomba na mpwa wanavyoitana kwetu Wasomali. Anacheza mpira wa kompyuta, na siku hiyo alikuwa akutane na kijana wa Wajir kwa mtandao, kila mmoja akiwa kwao, na mshindi aende Nairobi kujiunga na timu inayolipa. Nafasi hiyo ameitafuta miaka miwili. Mimi nina tivi kubwa, basi nikasema mechi ichezewe sebuleni kwangu (na nikaalika nusu ya mtaa, hakuna aliyeniomba).

Asubuhi alikuja na waya zake. Adui yake ni ule muda mdogo kati ya kidole kubonyeza na mchezaji wa kwenye kioo kupiga mpira. Akarekodi kwa simu, kidole na kioo vikionekana pamoja, kisha akaipitisha video polepole akihesabu picha moja moja: thelathini na sita. Akaacha padi ya kuchezea isiyo na waya akachukua yenye waya, akaiweka tivi kwenye hali ya gemu, ile inayozima urembo wote wa picha, akapima tena: kumi na moja. Akaenda kuswali akitabasamu.

Nikabaki na rimoti. Sasa mimi nimekua nikichunga ng'ombe, jicho langu hutafuta nyasi kabla ya kitu kingine, na ule uwanja ulikuwa umepauka kama malisho ya kiangazi, nikaona haya wageni waukute hivyo (rangi ni rangi tu, nilijiambia, itamdhuru nani?), nikabonyezabonyeza mpaka ikaja picha ya kijani kibichi ambayo ungeweza kumwachia ndama. Kila aliyeingia nilimwonyesha nyasi zangu.

Mechi ilipoanza haikupita muda Yusuf akageuka.

"Abti, inachelewa."

Nikamwambia acheze. Akafungwa bao, akafungwa la pili, na wakati wa mapumziko akanyoosha mkono achukue rimoti aikague tivi, nami nikaiweka nyuma ya mgongo wangu na kusema mbele ya wote, "Waryaa, wewe kijana, mwanamume akipotelewa na ngamia halaumu kamba. Kaa ucheze."

Watu wakacheka. Yusuf akakaa, kwa sababu amelelewa kumtii mjomba.

Alifungwa matatu bila. Hakugombana na mtu. Alichukua simu, akarekodi kidole na kioo, akaanza kuhesabu kwa sauti, na wageni wakahesabu naye kwa mzaha, mpaka walipopita kumi na moja akawaambia asubuhi aliishia hapo, na mzaha ukaisha. Wakafika thelathini na tatu.

"Nani alishika rimoti?"

Jirani yangu Hassan akasema taratibu, "Muulize mwenye malisho." Kicheko kikajaa sebule, nami rimoti ilikuwa bado mkononi. Yusuf peke yake hakucheka.

Nilikiri, nikawapigia simu waandaaji wa mechi, wakanijibu kwa adabu kwamba kila upande unasimamia vyombo vyake. Walisema kweli. Kijana wa Wajir ndiye aliyekwenda Nairobi.

Ijumaa iliyofuata niliwaita watu walewale nikamwomba Yusuf msamaha mbele yao, kwa kuwa nilimdharau mbele yao. Akasema, "Yameisha, abti." Lakini siku hizi anafanyia mazoezi kwa rafiki yake huko mtaa wa Iftin.

Huwa nalifikiria sana jambo hili. Ile picha angeirekebisha kwa nusu dakika wakati wa mapumziko. Kilichompotezea nafasi ni heshima aliyonipa, nami nikaitumia kumfunga mdomo. Nimeapa sitamwambia tena kijana "kaa" kabla sijamuuliza ameona nini.