Goti la Pima Maji

Mafundi wenzake walimwita Pima Maji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu kwenye sakafu aliyoilaza yeye ungeweza kuweka gololi katikati ya chumba na isisogee hata inchi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu na mdomo usiojua kubembeleza. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi kwa magoti: anapaka gundi kwa mwiko wa meno, anabandika kigae, anagonga kwa nyundo ya mpira, anarudi nyuma kidogo, anaanza tena. Mumewe, mshona viatu mpole, alipenda kumtania kwamba ameoa mtu anayeshinda amepiga magoti lakini hamwombi Mungu chochote.

Siku aliyoumia alikuwa akishusha boksi la vigae kwenye ngazi isiyo na kishikizo. Alishakiomba hicho kishikizo mara tatu, na mara zote tatu msimamizi wa ujenzi alimjibu kuwa kinakuja. Mguu wa kushoto ukakanyaga mchanga, mwili ukageuka, goti likabaki. Alisikia ko! kama kijiti kinachovunjwa. Gegedu lilikuwa limechanika na kano moja imekatika.

Baada ya upasuaji alipelekwa kwenye maabara ya chuo, ambako watafiti walichunguza jinsi viungo vinavyosogea na kubeba uzito, kisha wakatumia vipimo hivyo kuwapangia mazoezi watu walioumia. Walimbandika vigololi vinavyong'aa kuanzia nyonga hadi kisigino, wakamtembeza juu ya bamba la chuma lililozamishwa sakafuni, kamera nane zikimkodolea macho.

"Goti si bawaba ya mlango, mama," alimweleza mtafiti mmoja, binti mwenye miwani mikubwa. "Likikunjwa, linateleza na kujizungusha kidogo. Tukijua uzito unaangukia wapi, tunajua ni msuli gani umelala."

Pima Maji alimpenda kwa hilo. Mtu anayepima kabla ya kusema, huyo ni fundi mwenzake. Na vipimo havikudanganya: msuli wa mbele ya paja ulikuwa umelala fofofo, wakauamsha kwa mazoezi, na miezi minne baadaye fimbo ya kutembelea ikatupwa uvunguni. Mkuu wa maabara, mzee mwenye sauti ya redio, akamkabidhi barua yenye mhuri: goti limepona kwa asilimia tisini na tano, arudi kazini.

Alirudi. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili, kabla ya chai ya saa nne, goti lilifura na maumivu yakamtoboa kama msumari uliochomwa motoni. Akakaa kitako juu ya boksi.

Msimamizi akaja, mikono mfukoni. "Barua inasema umepona. Sasa unaumwa nini, uvivu?"

Vibarua wawili wakacheka. Miaka kumi na saba, na leo anaitwa mvivu mbele ya watu aliowafundisha kushika mwiko! Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma. Alinyanyuka, akachukua ndoo yake ya vifaa, akaondoka akichechemea bila kumjibu, maana alijua akifungua mdomo atafungua na ngumi.

Nyumbani mumewe alimkanda goti kwa kitambaa chenye barafu. "Mke wangu, achana nao. Watu wa mihuri huwawezi."

"Niachane nao? Na goti nalo niachane nalo?"

Kesho yake asubuhi aliingia maabara na ndoo mkononi. Mpokea wageni akamwambia aandike jina, asubiri. Akampita kama hakumwona. Mkuu wa maabara alikuwa akimwonyesha yule binti michoro kwenye kompyuta.

"Mama, karibu, kuna tatizo?"

"Tatizo ni nyinyi! Mliandika nimepona. Nimepona kufanya nini?"

Mkuu akajaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tafiti walizozifuata, alisema, zilipima watu wakitembea, wakikimbia, wakipanda ngazi. Nyingi ziliwapima wachezaji wa mpira. Kwa vigezo hivyo, goti lake lilikuwa zuri sana.

"Mimi nacheza namba ngapi?" Pima Maji alifoka. "Umewahi kuona sakafu inawekwa na mtu anayetembea? Fomu yenu iliuliza kazi, nikaandika fundi. Nani kati yenu aliniuliza fundi wa nini?"

Akatua ndoo, akapiga magoti juu ya bamba la chuma, akatoa kigae na mwiko, akaanza kufanya kama afanyavyo kazini. Yule binti, bila kuomba ruhusa, akawasha mitambo.

Namba zilijitokeza zenyewe. Goti la kushoto, lile lenye asilimia tisini na tano, halikubeba hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mzigo karibu wote ulikuwa kwenye goti la kulia na kiganja kimoja.

"Linajificha," binti alisema polepole. "Na hili la kulia linauawa." Akavua miwani. "Hatukuuliza, mama. Nisamehe."

Mkuu alikohoa, akasema matokeo hayo yanavutia sana.

"Yanavutia?" Pima Maji alimtazama mpaka yule mzee akainamisha uso.

Barua mpya iliandikwa siku hiyohiyo: goti lilikuwa bado halijawa tayari kwa kazi ya kupiga magoti. Kwa miezi mitatu binti alimfundisha kupiga magoti upya: kwanza juu ya mto mnene, halafu godoro jembamba, halafu ubao, kila mara akipima goti limekunjwa nyuzi ngapi na limekubali kilo ngapi. Lilirudi, si lote. La kulia nalo lilikuwa limeshaanza kusagika, na hilo hakuna zoezi lililolifuta.

Mazoezi yalipoisha alimpelekea msimamizi ile barua, akamtaka amwombe radhi mbele ya walewale waliocheka. Msimamizi akasema hayo yameshapita, avae kofia aanze kazi. Pima Maji akamgeuzia mgongo, akahamia kwa mjenzi mwingine. Radhi hakuipata mpaka leo, na akilikumbuka lile neno uvivu, taya zinamkaza.

Sasa anabandika zaidi kuta. Akipewa sakafu, kila nusu saa huacha mwiko, hunyoosha miguu yote miwili, hukaa dakika kumi. Wenye nyumba wengine huchungulia mlangoni na kuguna.

"Guna tu," huwaambia. "Ukimaliza, nipishe."