Bamba la Nta Ambalo Sikulipima

Nakumbuka asubuhi moja kule Bungoma, mwanangu, nikiwa kijana wa eksirei mwenye koti jeupe na kichwa kigumu, titi la plastiki liliponiponyoka likapasuka sakafuni. Ndivyo tulivyoliita lile bamba lililozuia miale sawa na nyama ya titi la mwanamke. Kila siku tulilipiga picha kwanza, tukairekebisha mashine kabla ya akina mama kuingia kupimwa saratani ya titi.

Jipya lingekawia kufika. Nikanunua mishumaa Kanduyi, nikaiyeyusha kwa sufuria, nikamimina bamba la unene uleule. Nikajiona fundi kweli.

Mzee Wafula, aliyenifundisha kazi, akaligonga kwa kidole. "Umelipima?"

"Mzee, si unene ni ule ule?"

"Unene si kitu, bana. Weka mita ya kupima miale chini, uone miale ngapi inapita kwa hii na ngapi kwa ile imevunjika. Sasa wewe utapima mama za watu na kitu wewe mwenyewe hujapima?"

Vipande vya lile la zamani vilikuwa pale rafuni, na kazi yenyewe haingemaliza saa moja. Lakini benchi lilijaa akina mama, nami nikamwona mzee msumbufu. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima, aliyevunjika ni mwingine.

Nta ile ilipitisha miale kwa urahisi zaidi kuliko titi. Kwa picha yake nikadhani miale imezidi, nikapunguza nguvu ya mashine, na picha za akina mama zikatoka zimefifia. Mmoja wao alikuwa dada yangu Nekesa, aliyetoka Naitiri kwa kuwa nilimsihi mimi mwenyewe. Daktari hakuona kitu kwenye picha yake. Nikamwambia kwa furaha, "Uko sawa, dada. Rudi shambani."

Mahindi yalipovunwa, uvimbe kwenye titi lake ulishikika kwa mkono. Tulimzika kabla ya kupanda tena. Mzee Wafula aliipima ile nta, akaniwekea namba mezani, akarudi kwenye mashine. Nilitamani anitukane.

Na wale wengine? Kuna waliotoka Kitale, huko Kipsongo, bila anwani. Niliwatafuta, sikuwapata. Nimezeeka na bado sijui ni wangapi walikuwa na uvimbe kama wake. Watu huniambia Mungu amesamehe. Labda, lakini moyo wangu haujatulia hata siku moja.

Mwanangu, kitu unachokiweka badala ya mwili wa mtu, kipime kwanza, hata foleni ikifika getini. Na mkubwa wako akikukemea, simama umsikilize. Mungu akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo, na asikuzikishe dada yako kwa kazi ya mkono wako. Amina.