Mti Ambao Mama Hakuutaja

Mama yangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Si kwa hasira, si kwa mapenzi, wala si siku ile nilipoteleza juu ya mwamba nikapasuka kichwa, akanibeba mgongoni hadi zahanati huku akimwita Mungu na majirani wote kwa majina yao. Mimi ni mtoto wa kwanza na ni mwanamume, kwa hiyo nilipewa jina la babu mzaa baba. Na kwetu Ukambani mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Kila desturi ukiitazama peke yake ina sababu zake. Ziweke pamoja, unapata mama asiyeweza kumwita mwanawe. Aliniita Asa, yaani baba. Nilikuwa baba kabla sijajua kufunga vifungo vya shati.

Jina lenyewe ni la mti. Babu alizaliwa chini yake, mamake akiwa njiani kutoka mtoni, na watu hawakuona haja ya kutafuta jina mbali. Ni mti wa kawaida tu, ule ambao watu wa Kola huchongea mizinga ya nyuki.

Chuo kikuu nilisoma elimu ya jamii. Siku moja mhadhiri alitueleza habari za watu wanaoepuka majina ya wakwe zao. Mifano yake yote ilitoka visiwa vya mbali, na darasa likacheka. Nami nilicheka, nikaandika, nikapigia mstari. Sikuinua mkono kusema kwamba kisiwa hicho kiko saa mbili kutoka hapa, na kwamba mimi nimezaliwa humo. Kicheko hicho kilinisumbua kwa miaka.

Nilirudi nyumbani na shahada bila kazi, nikiwa nimeamua kwamba sitakubali tena jambo lolote lisiloweza kujitetea. Nilibishana na mhubiri. Nilibishana na redio. Mara mbili kwa wiki nilienda mjini kuangalia sanduku la posta kama barua zangu za kuomba kazi zimejibiwa, na mara mbili kwa wiki nilirudi mikono mitupu, nikaketi, nikainuka, nikalizunguka boma hadi mama akaniuliza kama kuna mbuzi aliyepotea.

Ni mimi niliyeleta habari za bustani. Nje kidogo ya mji wa Machakos, penye mteremko, watu fulani walikuwa wamezungushia senyenge kipande cha ardhi wakakijaza miti ya asili peke yake. Hamkuwa na mkaratusi wala mjakaranda. Tangazo lilibandikwa posta: anatafutwa mtu wa kuwatembeza wanafunzi na kuwaeleza miti kwa majina yake ya Kikamba na kazi zake. Nilimweleza mama kwa mzaha. Hakucheka.

"Wanataka cheti?"

"Hawajasema."

"Basi kesho twende."

Mama alitolewa shule akiwa darasa la saba. Alichokitaka maishani aliwahi kuniambia mara moja tu, akipepeta pojo: kusimama mbele ya watoto akiwa na kitu cha kuwafundisha. Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimeshapita na jua limerudi na ghadhabu yake, mahindi yakaungua yangali mabua. Hakuyalilia. Lakini kwa ajili ya kazi hii alifua kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili katikati ya wiki.

Msimamizi wa bustani alikuwa mtu wa Murang'a, mrefu, amevaa gambuti na kofia ya sufu juani. Aliijua miti kwa Kilatini na kwa Kikuyu. Kikamba chake kilitosha kununulia maembe. Mkononi alishika orodha ya majina aliyoandikiwa na watu wa kamati. Vibao vya miti vilikuwa havijatengenezwa, kwa hiyo alikuwa ameifunga miti ya mtihani utepe mwekundu.

"Mama, huu?"

Mama akataja. Akaongeza kwamba mizizi yake hutiwa kwenye supu ya mifupa, na kwamba anayeichimba asiimalize yote, kwa sababu hata kesho kuna watu watakaougua.

"Na huu?"

Akataja. Huu moshi wake hutumika kufukiza kibuyu cha maziwa. Ule maua yake huwaambia wakulima watayarishe majembe. Mama wa jikoni na shambani nilimjua. Huyu aliyenitangulia, akigusa magome kwa mgongo wa mkono kama anayepima homa ya mtoto, sikumjua. Nilianza kutembea karibu naye ili nisikie vizuri, nikiwa na swali juu ya kila alichosema na nikiwa sina ujasiri wa kuliuliza.

Kisha tukafika kwa ule wa mizinga. Mama akasimama, akakunja mikono.

"Huyo nampita," alisema.

"Humjui?" msimamizi akauliza.

"Namjua sana."

"Basi sema."

"Hata ukinichapa."

Msimamizi akaandika alama ya kosa. Niliona kalamu ikienda, nikaona pia uso wa mama, na nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza kila kitu: kwamba ni jina la baba mkwe wake, kwamba sisi huiita nthoni, haya ya ukwe, kwamba mzee mwenyewe ameoza kaburini tangu mimi nikiwa mtoto na hana masikio ya kusikia.

"Asa, chunga mdomo," mama akasema.

Msimamizi alijikuna chini ya kofia. "Mama, hata sisi tuko na heshima ya wakwe. Lakini mtoto wa shule akikuuliza mti, utamwambia unauonea haya?" Akafikiri. "Alhamisi ijayo kuna shule inakuja. Watembeze wewe. Usiporuka mti hata mmoja, kazi ni yako. Ukiruka, kuna mwalimu mstaafu anangoja."

Wiki nzima sikumpa mama nafasi ya kupumua. Nilimfuata jikoni, nikamfuata zizini.

"Ukilitamka kutatokea nini?"

"Sijui. Sijawahi."

"Basi jaribu, tujue."

"Na wewe jaribu kwenda kanisani uchi, tujue."

Nilienda kwa msimamizi nikanakili jina la mti kwa Kilatini, nikamletea mama kwenye karatasi. Alilisoma polepole, silabi kwa silabi.

"Hili ni la ugonjwa wa ng'ombe."

"Lakini si la babu."

"Na watoto wataenda nalo wapi? Wamwambie nani?"

Hapo nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema. "Unamheshimu aliyekufa. Mimi niko hai, na hujawahi kuniita."

Alikuwa akichambua maharagwe. Akaokota jiwe, akalitupa nje ya mlango.

"Nikikuita huwa huji?"

"Nakuja."

"Ehe."

Akaendelea kuchambua.

Alhamisi ilipofika nilimsindikiza, nikasimama nyuma ya kundi. Ilikuwa shule ya mjini, watoto wa makarani na wachuuzi na wafanyakazi wa viwanda kutoka kila upande wa nchi. Mwalimu wao alikuwa mwanamke kijana kutoka magharibi mwa nchi. Kiswahili chao kilijaa Sheng, na walimwita mama "mwalimu" bila kuambiwa. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo alikosea hatua kidogo, kama aliyekanyaga shimo, kisha akaendelea. Aliwanusisha majani. Aliwatafunisha kijiti cha mswaki, wakatema, wakacheka. Msichana mmoja mwenye mdomo alimwuliza kama kuna mti wa kumfanya mtu apite hesabu.

"Upo," mama akasema. "Lakini unachapwa nao."

Msimamizi alifuata kando na karatasi zake, akitia alama za vema mfululizo. Tukafika kwa ule wa mizinga. Mama akageuka akawakabili watoto, mgongo kwa mti.

"Nani ataniambia huyu anaitwa nani?"

Nilielewa mara moja. Msimamizi pia alielewa, maana alitabasamu: watoto ndio walitaje jina. Ni hila nzuri. Ingefaulu vijijini, Kola au Mwala. Hawa walikuwa watoto wa mjini.

"Hii ni mwembe?"

"Wee, mwembe unaijua kweli?"

"Ni mti tu, mwalimu."

Mwalimu wao akatazama daftari lake kana kwamba jina limeandikwa humo. Kalamu ya msimamizi ikabaki hewani.

Ningeweza kulisema. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Lakini sikulisema, na sababu yake si nzuri: nilitaka akwame. Nilitaka mti umbane, na watoto wambane, na ile kazi aliyoitamani imbane, hadi jina limtoke mwenyewe, nami nilisikie hata mara moja, hata kama haniiti mimi. Nilihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, nikangoja kama mtu mwenye njaa.

Mama alinitazama juu ya vichwa vyao. Sidhani kama kuna kitu ambacho hakukiona.

"Watoto," akasema, "mnamwona yule kijana mrefu kule nyuma, asiyeweza kutulia? Kamuulizeni anaitwa nani."

Wote wakageuka. Yule msichana mwenye mdomo akanijia na kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Wewe, unaitwa nani?"

Nikanyamaza. Nilijua kwamba nikikataa, mama hatakuwa na njia nyingine.

"Hana jina?"

"Ama ni bubu."

"Labda amesahau, aki."

Wakacheka. Mama hakucheka, wala hakuniomba. Alisubiri tu, kitambaa chake cha Jumapili kimeteleza kidogo nyuma ya kichwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na swali. Nikataja jina langu.

"Anaitwa mti!"

"Mti inatembea!"

"Semeni tena," mama akawaambia, "mara tatu, msije mkasahau." Wakalipaza, sauti zaidi ya thelathini, na kila mara akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesikia jibu sahihi. Kisha akawaeleza habari za mizinga. Alichukua muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Alisema mti huu hauna haraka, mchwa wanaukimbia, na ukikatwa vibaya unachipua pembeni bila kumlaumu mtu. Nilidhani anaeleza mti, hadi nilipokumbuka kwamba babu ndiye aliyemtetea mbele ya ukoo baba alipofariki, walipotaka kumnyang'anya shamba. Hilo niliambiwa na shangazi. Mama mwenyewe hakuwahi kunieleza, na mimi, niliyeuliza kila kitu, sikuwahi kumwuliza.

Watoto walipoenda kunywa maji, msimamizi akatia alama yake ya mwisho.

"Hapo umenishinda, mama. Kazi ni yako. Lakini huyu kijana akienda zake Nairobi je?"

"Ataandika," mama akasema, kana kwamba nilishakubali.

Basi nikapewa kipande cha bati, mkebe wa rangi nyeupe na brashi. Kikawa kibao cha kwanza katika bustani ile. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, nikakifunga kwa waya, maana msimamizi hakuruhusu misumari. Mama akaja akasimama mbele yake.

"Umekosea," akasema.

"Nimekosea jina langu?"

"Kuna kitu kimekosekana."

Nilitazama. Ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho, ndivyo lilivyo kwenye shahada. Mama akaokota kijiti akanionyesha herufi ya pili. Kikamba kina mstari mdogo uliopinda, kama wimbi, unaokaa juu ya herufi kama hiyo na kubadilisha sauti yake. Makarani huuacha kwa sababu taipureta zao hazina alama hiyo, nami nilikuwa nimejiandika kama makarani tangu darasa la kwanza. Mama husoma Biblia ya Kikamba, haachi kitu.

Akachukua brashi kutoka mkononi mwangu. Akaitoa rangi iliyozidi kwenye ukingo wa mkebe, akainama, akauweka mstari mahali pake. Akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma lote, midomo imefumbwa.

"Usiliguse," akaniambia. "Rangi haijakauka."