Kadi ya Salamu kwa Hajji, Bwera

Leo insha yangu ya chuo imeniaibisha mbele ya kaunta ya duka.

Mwalimu alitaka tuchague kitu ambacho watu wameacha, tueleze sababu. Nikachagua salamu za redioni.

Mnakumbuka zile kadi? Unanunua dukani, unaandika majina ya unaowasalimu, unairudisha dukani ipelekwe redioni, halafu Jumamosi saa kumi nyumba nzima kimya, masikio kwenye redio. Ukitajwa, wiki nzima unatembea kama bibi harusi!

Sababu zangu zilikuwa tatu: simu, simu na simu. Nikaandika kwa kujiamini kwamba siku hizi hakuna anayetuma.

Basi leo nikatoka Kasese hadi kwetu Bwera kumuuliza Hajji, aliyekuwa akituuzia kadi tangu nikiwa mtoto.

"Hajji, watu waliacha lini?"

Akacheka, akavuta boksi chini ya kaunta, akanipa kadi ya wiki hii.

"Batu benyi baliacha. Huyu hapana. Kila wiki iko naleta."

Mwandiko niliujua kabla sijasoma. Ni wa mama yangu. Na jina la kwanza ni langu: *Masika, popote alipo Kasese.*

Jamani.

Kumbe ndiyo maana kila Jumapili akinipigia huniuliza, "Jana ulisikia?"

Nami, akili yangu ikiwa kwingine, humjibu, "Nilisikia, mama."

Insha ni ya Jumatatu, itasubiri.

Wa Kasese, nani ataniazima redio Jumamosi saa kumi?